Kanda ya njano ya Bad Brains: ipi ni ipi, na namna ya kuisikia ilivyo

Ukipokea folda ya nyimbo za Bad Brains, bendi ya Marekani ya panki (roki ya kasi, ghafi na isiyo na mapambo), kwenye simu au flashi, mara nyingi utakuta wimbo "Attitude" zaidi ya mmoja. Katika moja bendi inasikika bado changa, katika nyingine imekaza, na kuna ambayo sauti ya mwimbaji imepanda hadi unadhani simu inakimbiza faili. Zote ni halali, na zote zimepigwa na watu walewale wanne. Ila ni moja tu iliyomo kwenye albamu waliyoitoa kwa kaseti mwaka 1982, ile ambayo wapenzi wa panki huiita kanda ya njano kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Kwa aliyeko Mwanza, ambaye albamu hii humfikia kwa bando au kwa flashi, kazi ya kwanza ni kujua ameshika ipi. Ya pili ni kuhakikisha anaisikia kwa kasi yake halisi, maana kwenye muziki huu kasi ndiyo kila kitu, na ndiyo inayoharibika upesi kuliko kitu kingine chochote.

Bad Brains walitokea Washington, D.C. na viunga vyake. Mwimbaji ni H.R., jina lake Paul Hudson. Mdogo wake, Earl Hudson, yuko kwenye dramu. Gitaa linapigwa na Gary Miller, ajulikanaye kama Dr. Know, na besi ni ya Darryl Jenifer. Katikati ya miaka ya 1970 walianza kama bendi ya jazi iliyochanganywa na roki, wakijiita Mind Power. Walipokutana na panki walibadili mwelekeo, na jina jipya wakalitoa kwenye wimbo wa Ramones, bendi ya panki ya New York. Walikuwa vijana weusi katika muziki ambao wapigaji na wasikilizaji wake walikuwa wengi weupe, na wao walikuwa miongoni mwa walioisukuma panki kwenye kasi ambayo baadaye iliitwa hadikoo: nyimbo fupi, nyingi zikiwa chini ya dakika 2, zisizo na utangulizi mrefu.

Huo msingi wa jazi usiupite haraka. Panki nyingi za wakati ule zilipigwa na watu waliojifunza gitaa miezi michache kabla ya kupanda jukwaani, na zilikuwa na uzuri wake. Hawa walikuwa wamekwisha kujifunza mizani migumu, kusimama pamoja, na kubadili mwendo katikati ya wimbo. Unapowasikia wakikata ghafla na kurudi wote wanne kwa pigo moja, hiyo ni kazi ya mazoezi ya miaka.

Albamu ilirekodiwa mwaka 1981 New York, kwenye chumba kilichoitwa 171-A, katika barabara ya Avenue A upande wa mashariki ya Manhattan. Aliyesimamia mitambo ni Jerry Williams, aliyejulikana pia kama Jay Dublee. Chumba hichohicho ndimo Beastie Boys, kundi lililokuja kujulikana kwa rap, waliporekodi kazi yao ya kwanza, na miaka mingi baadaye Adam Yauch wa kundi hilo aliitaja kanda ya Bad Brains kuwa albamu bora kuliko zote za panki na hadikoo. Wakati ule bendi ilikuwa imehamia New York, baada ya kumbi za Washington kuwafungia milango. Wimbo "Banned in D.C." unatokana na mkasa huo.

Walioitoa ni ROIR, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Neil Cooper, aliyoianzisha mwaka 1979 kwa mpango mmoja: kutoa muziki kwa kaseti tu. Tarehe 5 Februari 1982 kanda ikatoka. Ina nyimbo 15 kwa jumla ya dakika 34 hivi, na jalada lake linaonyesha radi ikipiga kuba la jengo la Bunge la Marekani, kwa rangi ambazo mpenzi yeyote wa rege atazitambua: kijani, njano na nyekundu.

Sasa turudi kwenye folda. Mkanganyiko unatokana na jambo moja: bendi ilirekodi nyimbo zilezile mara kadhaa kati ya 1979 na 1983, na rekodi nyingine zikafichwa miaka mingi kabla ya kutolewa. Rekodi ya 1979 ilifanyika Inner Ear, studio ya Don Zientara, na haikutoka hadi 1996 ilipoitwa Black Dots. Ya 1980 ilitoka mwaka 1997 kwa jina la The Omega Sessions. Kwa hiyo mtu anayepanga faili kwa mwaka wa kutolewa atazikuta hizi mbili mwishoni kabisa, na adhani bendi ilirudi nyuma uzeeni. Zipange kwa mwaka wa kurekodiwa na mambo yatakaa sawa. Mwaka huohuo wa 1980 waliitoa "Pay to Cum" kama santuri ndogo, kwa jina la lebo yao wenyewe. Kisha kanda ya 1982. Kisha Rock for Light ya 1983, prodyuza akiwa Ric Ocasek wa bendi ya roki ya The Cars, ambamo nyimbo kadhaa za kanda zilipigwa upya: "Sailin' On", "Attitude", "Banned in D.C.", "Big Take Over", "Right Brigade" na nyinginezo.

Rock for Light yenyewe ina nyuso mbili. Mwaka 1991 ilitolewa tena baada ya Ocasek na Jenifer kuichanganya upya, mpangilio wa nyimbo ukabadilishwa, na mwendo ukapandishwa, ndiyo maana sauti ya H.R. humo iko juu isivyo kawaida. Ukisikia "Attitude" ambayo mwimbaji anasikika kama amepungua umri, hiyo ndiyo. Usilaumu simu yako.

Kuna pia toleo linaloitwa Attitude: The ROIR Sessions. Hilo ni kanda ya njano yenyewe kwa jina jingine, kwa hiyo usilinunue ukidhani ni kazi tofauti. I Against I ya 1986 ni albamu nyingine kabisa, nzito zaidi na ya mwendo wa kati, na haichanganywi na hizi.

Njia ya haraka ya kuitambua kanda ni mpangilio. Inafunguliwa na "Sailin' On", inafuata "Don't Need It", "Attitude", "The Regulator", "Banned in D.C.", halafu "Jah Calling". Ukiona hizo sita zimefuatana hivyo, umeipata. Nyimbo tano za mwanzo zote kwa pamoja hazifiki dakika 8, kisha ghafla inaingia rege isiyo na maneno, yenye mwangwi, besi ikiwa mbele. Msikilizaji wa Marekani wa 1982 alishtuka hapo. Wa Mwanza ana nafasi nzuri zaidi: rege ameilea tangu utotoni, kwenye daladala, kwenye vinyozi, mialoni. Tunashauri aingilie albamu kwa mlango huo.

Rege kwenye kanda ni nyimbo tatu: "Jah Calling", "Leaving Babylon" na "I Luv I Jah", ambayo peke yake inapita dakika 6. Jumla yake ni kama dakika 13 kati ya 34, yaani zaidi ya theluthi moja ya albamu inayotajwa kila mahali kwa kasi yake. Sikiliza Earl Hudson anavyocheza humo. Kwenye rege ya mtindo huu pigo la kwanza huachwa tupu, ngoma ya mguu na snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) zinaanguka pamoja kwenye la tatu, na gitaa linakwaruza la pili na la nne. Anayeweza kuliacha pigo la kwanza likiwa tupu bila kutetereka ana saa kichwani. Saa hiyohiyo ndiyo inayomwezesha kupita mapigo 200 kwa dakika kwenye nyimbo za kasi bila bendi kusambaratika. Kwa hiyo madai kwamba rege yao ilikuwa mapumziko tu kati ya nyimbo za kweli hayasimami. Mikono ni ileile, na nidhamu ni ileile. Imani ya Rastafari iliyomo kwenye rege imo pia kwenye maneno ya nyimbo za kasi.

Kuna neno moja humu ambalo mashabiki huandika hata kwenye fulana: PMA. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza Positive Mental Attitude, yenye maana ya mtazamo chanya, na H.R. aliyatoa kwenye kitabu cha Napoleon Hill, Think and Grow Rich, cha 1937. Wimbo "Attitude" umejengwa juu yake. Panki ya wakati ule ilijaa kukata tamaa, hawa wakaja na kasi kubwa zaidi na ujumbe wa kutokata tamaa.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Kamba nene ya gitaa la besi hutoa hezi 41, na spika ndogo ya simu haifiki huko chini hata kidogo, inaanza kusikika vizuri mahali fulani juu ya hezi 200. Maana yake kazi yote ya Jenifer inapotea, na "Jah Calling" inabaki mikwaruzo ya gitaa na mwangwi. Tumia ispika za masikioni au sabufa, na kwenye sabufa punguza kitufe cha besi hadi katikati, la sivyo nyimbo za kasi zitakuwa muungurumo mmoja. Kwa upande wa bando, albamu nzima kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde ni kama MB 41. Kwa kilobiti 320 ni kama MB 82.

Kaseti yenyewe

Wapo wenye kaseti halisi, au nakala iliyorekodiwa kwa mtu, na hapa mambo ni ya kiufundi zaidi. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Albamu ya dakika 34 ikigawanywa sawa kwa pande mbili inahitaji kama meta 49 za utepe. Ukitaka kuinakili, tumia kaseti ya dakika 60 na usihangaike na ya dakika 90 au 120: kadiri dakika zinavyoongezeka ndivyo utepe unavyokuwa mwembamba, na utepe mwembamba hunyooka na kuliwa na mashine kwa urahisi.

Hitilafu ya kwanza ya kutafuta ni kasi. Redio kaseti ya zamani, hasa ya mtumba, ni nadra kuwa sahihi. Ikikimbia kwa asilimia 6, muziki wote unapanda nusu toni, na kwenye hadikoo hutagundua kwa sikio kwa sababu hujui mwendo uliokusudiwa. Kipimo rahisi: chukua kaseti ya kiwandani ya msanii yeyote ambaye wimbo wake huohuo unao kwenye simu, wa dakika 3 hivi, na uhakikishe haukuchanganywa upya. Anzisha vyote kwa wakati mmoja. Kaseti ikitangulia kumaliza kwa sekunde 5, mashine inakimbia kwa karibu asilimia 3. Tofauti isiyozidi sekunde 2 iache. Mota nyingi za redio kaseti zina tundu dogo nyuma, na ndani yake kuna skrubu ya kurekebisha mwendo. Tumia bisibisi nyembamba ya plastiki, zungusha kidogo sana, kisha pima tena. Kama mashine inapunguza na kuongeza mwendo yenyewe, skrubu haitasaidia. Hapo belti ya mpira imelegea au imeanza kuyeyuka, na dawa yake ni kuibadilisha. Ukitumia betri, kumbuka zikichoka mwendo hushuka, kwa hiyo pima ukiwa kwenye umeme.

Hitilafu ya pili ni sauti kufifia, matoazi kutosikika. Safisha hedi kwanza kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi ya dukani huacha mabaki. Kijiti cha chuma kinachovuta utepe kisafishwe hivyohivyo, lakini gurudumu la mpira linaloubana utepe lisafishwe kwa maji na tone la sabuni, kwa sababu spiriti hulikausha na kulipasua. Sauti isiporudi, angalia ndani ya kaseti yenyewe: kuna kipande kidogo cha kitambaa kizito juu ya chuma chembamba, kazi yake kusukuma utepe ugusane na hedi. Gundi yake hukauka kwa joto na kipande huanguka. Kitoe kwenye kaseti nyingine isiyo na thamani, ukibandike. La mwisho ndilo mlalo wa hedi. Pembeni ya hedi kuna skrubu yenye springi, igeuze taratibu wakati wimbo unacheza hadi matoazi yawe angavu kabisa. Usiiguse kabla hujamaliza usafi, maana utakuwa unatibu kisichoumwa.

Ziwani tuna adui wa ziada. Unyevu wa msimu wa mvua, Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei, huleta ukungu kwenye utepe. Tazama kupitia dirisha la kaseti. Ukiona vumbi jeupe au madoa pembeni ya mzingo, usiicheze: ukungu utahamia kwenye hedi, na kutoka hapo kwenye kaseti zako zote. Ifungie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu na mabegi mapya, kwa wiki moja au zaidi. Kisha izungushe mwanzo hadi mwisho kwa mkono, kalamu ya pande sita inaingia sawasawa kwenye tundu, ukipitisha utepe kwenye kitambaa laini kikavu. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama wingu na kufuata taa usiku wanaingia kwenye mlango wa kaseti ulioachwa wazi, na mmoja akisagwa kwenye gurudumu la mpira atachafua meta kadhaa za utepe kabla hujajua. Funga mlango hata kama hakuna kaseti ndani. Na usiache kanda kwenye dashibodi ya gari.

Kuihamishia kwenye kompyuta fanya mara moja na vizuri. Toa sauti kwenye tundu la sauti la nyuma au la ispika za masikioni, ingiza kwenye kadi ya sauti ya USB, si kwenye tundu la maiki la kompyuta, ambalo mara nyingi huchukua upande mmoja tu na huongeza mvumo. Programu ya Audacity inatosha. Weka hezi 48,000 na biti 24, na kilele cha sauti kiishie desibeli 6 chini ya kikomo. Faili ghafi ya dakika 34 itakuwa kama MB 588, kwa hiyo andaa nafasi. Usitumie kichujio cha kuondoa mvumo wa utepe kwa nguvu, kwa sababu mvumo na matoazi viko eneo moja la sauti na utaviondoa vyote.

Kuipiga

Kwa bendi inayotaka kujifunza nyimbo hizi, ugumu hauko kwenye vidole. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) ni chache na nyingi ni za nguvu, noti mbili tu, ya msingi na ya tano yake. Ugumu uko kwenye stamina na kuacha nafasi. Kwa mapigo 200, gitaa likipiga mara mbili kila pigo ni mipigo 400 kwa dakika, karibu 7 kila sekunde. Wengi hukaza mkono kuanzia kiwiko, na baada ya dakika moja msuli unawaka. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, na kibao cha kupigia kisitokeze zaidi ya milimita 3 kati ya vidole. Anza na metronomu (kifaa au programu ya kuhesabu mapigo) kwenye 140, piga dakika 2 bila kukosea, ongeza 5. Ukikosea mara mbili, rudi nyuma 10. Kamba za unene wa 10 hadi 46 (sehemu za elfu za inchi) zinafaa kwa wengi. Ukipiga kwa nguvu na toni ikayumba, panda hadi 11.

Kosa la pili la magitaa ni kuzidisha mkwaruzo wa amplifaya. Kwa mwendo wa polepole unasikika mnene na mzuri, kwa kasi hii noti zinaungana na pengo kati yake linapotea. Ushushe hadi uone ni mdogo mno ukiwa peke yako. Ukiingia na besi utakuwa sawa.

Mpiga dramu aanze na mguu-mkono-mguu-mkono, ngoma ya mguu na snea zikipokezana, toazi likifuata mguu peke yake. Akijaribu kupiga toazi kwa kila pigo la mguu na la mkono atachoka kabla ya wimbo wa pili. Mahali bendi huvunjika ni kwenye mizunguko ya ngoma mwishoni mwa ubeti: mkono unafurahi, unakimbia, na besi inabaki nyuma. Jifunzeni mara ya kwanza bila mizunguko hiyo kabisa. Kisha fanyeni "Banned in D.C.", kwa sababu ina sehemu inayoshuka mwendo katikati, na anayehesabu rohoni badala ya kubahatisha atajulikana hapo.

Mkishaziweza nyimbo mbili za kasi, zifuatisheni na rege papo hapo, bila kunywa maji. Mpiga dramu ahesabu nne kwa mwendo mpya kabla ya mtu yeyote kugusa chombo, na mwenye besi aingie kwanza. Gitaa lingoje hadi besi imekaa.